Bernadeta na Mabati ya Kuazima

Mara ya nne alipoambiwa arudi kisimani na ndoo kichwani, Bernadeta alisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kushiba, na kijana aliyeshika kipaza sauti hatua ishirini kutoka hapo alijikuta anavua vidude vya masikioni kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

"Mama, samahani, safari hii usisonye," alisema Raymundi, mwongozaji wa kipindi, kijana wa Dar mwenye suruali yenye mifuko tisa na kofia iliyogeuzwa nyuma. "Tembea taratibu, kama mtu aliyechoka."

"Nimechoka kweli, baba. Hapo sijifanyi."

"Basi ionekane usoni."

"Uso wangu ndio huu. Ningekuwa na mwingine ningeuvaa asubuhi."

Kilichomkera zaidi ni kwamba kisima chenyewe hakitumiki. Igumila, kijiji kilichojificha nyuma ya Kigwa, kina bomba, na bomba liko pembeni ya zahanati, mtu unachota ukiwa bado unaongea na jirani. Raymundi aliliona. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akasema halina hisia. Ndiyo maana mwanamke wa miaka hamsini na sita, mhudumu wa zahanati kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa anapanda na kushuka na maji ya kijani ambayo hata mbuzi huyanusa kwanza.

Alivumilia kwa sababu ya paa.

Wodi ya wazazi ya Igumila ilikuwa boma tupu. Wananchi walifyatua tofali, wakachoma, wakajenga hadi kwenye renta, juu ya madirisha, saruji ikaishia kwenye kona na kwingine kote wakashindilia udongo. Mwaka uliotangulia walifika hapohapo, mvua ya Desemba ikaja, ukuta wa nyuma ukalala chini kama mlevi. Wakajenga upya. Sasa ilikuwa mwisho wa Oktoba, mawingu yameanza kujipanga upande wa Nzega, na zilihitajika bati sitini kabla udongo haujalainika tena. Pasipo paa kusingekuwa na wodi, na pasipo wodi wanawake wangeendelea kuzalia kwenye chumba kimoja cha zahanati, nyuma ya pazia. Sayi, mkwe wa mwenyekiti wa kijiji, alijifungua mtoto wa kwanza pale huku wanaume watatu waliokuja kupimwa malaria wakimpa pole kwa zamu kupitia pazia. Mmoja alimshauri namna ya kupumua. Sayi alikuwa na mimba ya pili, ya kuzaliwa Desemba, na alishamwambia Bernadeta kwamba akisikia tena sauti ya mwanamume akimhesabia pumzi, atatoka na kitanda.

Kwa hiyo ilipofika habari kwamba kituo kimoja cha televisheni cha Dar kimeichagua Igumila kwa kipindi chake cha kila mwaka, Cheka Uchangie, kijiji kizima kililala kikiota bati. Kipindi hicho huwakusanya wachekeshaji, waimbaji na wacheza mpira wastaafu, huwafanyisha mambo ya ajabu mbele ya kamera, na watazamaji wakishacheka hutuma michango kwa simu. Mwaka huu mashuhuri hao wangeshindana kubeba mabati kichwani katika njia ya zamani ya misafara, kutoka barabarani mpaka kwenye boma, kwa heshima ya wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapo wakienda pwani. Yote yangerushwa mubashara.

Hakuna aliyefikiri kumuuliza Bernadeta kama anajua kuchekesha. Wangeuliza popote kati ya Kigwa na Isikizya ni nani anajua, wangeonyeshwa mlango wake.

Kipaji hicho alikuwa nacho tangu zamani. Mama yake alikuwa mkunga, naye alitaka kuwa muuguzi wa kuvaa kofia nyeupe, akaishia darasa la saba na kazi ya kufua mashuka hospitalini Nzega. Huko alifua kwa mikono na kusoma kwa macho. Aliporudi nyumbani kuolewa na Anton, mrina asali, alijua kufunga kitovu, kupima joto na kumnyamazisha daktari. Anton alifariki miaka minane iliyopita. Watoto wako mjini. Kilichobaki ni zahanati na mdomo, na mdomo huo ulipata heshima yake kubwa misibani, kwa sababu Bernadeta alikuwa mtani.

Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara. Ilivyoanza kila mzee ana hadithi yake, lakini sheria zake hakuna asiyezijua. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kuku wako na humshtaki. Ukifiwa, anakuja kuharibu kilio chako, anakaa kaburini na hatoki mpaka alipwe. Mzee Amon, Mzaramo wa Maneromango aliyeletwa Kigwa na kazi ya reli, alipokufa, Bernadeta alijifunga kanga, akashuka kaburini, akalala chali na kujipima. "Fupi hili," alitangaza. "Marehemu alikuwa mrefu wa maneno, miguu itabaki nje." Watoto wa marehemu walicheka huku makamasi yanawatoka, wakatoa kuku na sukari, ndipo akapanda juu. Halafu alilia kuliko wote, maana Amon alikuwa rafiki yake.

Bernadeta huyo ndiye aliyekalishwa na Raymundi kwenye kigoda mbele ya boma, kanga yake nzuri ikabadilishwa na iliyochanika, wakaitafuta iliyochanika nyumba nne.

"Sasa mama," Raymundi alisema kwa sauti ya msibani, "tusimulie mtoto aliyekufia mikononi."

Bernadeta alimtazama. "Yupi?"

"Yeyote. Anayeuma zaidi."

"Kila mtoto ana mama yake. Wa mwisho, mama yake ndiye yule pale anayewapikia wali mtakaokula mchana. Unataka nimuuzie msiba wake kwa bati?"

"Siyo kuuza, mama. Bila machozi watu hawachangi."

"Si mnaita Cheka? Ngoja niwachekeshe."

Raymundi alivuta pumzi kama mwalimu wa chekechea. "Kuchekesha kuna wenyewe, mama. Nyie ni sehemu ya huzuni."

Bernadeta akakaa vizuri kigodani kama alivyoagizwa. Haikuwa kawaida yake, na Lugembe, mwenyekiti wa kijiji, aliyesimama kando na koti lake la mikutano katika joto lile, alishtuka kuliko kama angeona nyoka.

"Vumilia, mama," Lugembe alimnong'oneza. "Bati sitini."

"Ninavumilia, mwenyekiti. Ila wakiondoka hawa, mimi na wewe tuna kikao."

Saa saba mchana lori liliingia kutoka mjini na bati thelathini zinazong'aa mpaka macho yanauma. Vigelegele vilipigwa. Wazee walizigusa, watoto walijitazama humo. Hata Bernadeta moyo wake ulilegea kidogo, akaanza kupiga hesabu za misumari. Pembeni ya dereva aliteremka Abbasi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Tabora, kanzu na kibalaghashia, uso wa mtu anayepeleka mtoto wake jandoni.

"Mama Bernadeta, habari za siku?"

"Nzuri, Abbasi. Leo umetuletea neema."

"Neema ni za Mungu. Mwambie huyo mwenye mifuko, bati zangu zisikwaruzwe."

"Zikikwaruzwa zinakuuma nini? Umeshauza."

"Nimeuza?" Abbasi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nani kanunua? Zimeazimwa hizi. Za mbio. Jioni napakia, narudi nazo dukani."

Bernadeta aliinua pindo la kanga. Alikatiza kwenye nyaya, akaruka boksi, akamkuta Raymundi anapakwa poda ingawa yeye haonekani kwenye kamera.

"Hizi bati si zetu?"

"Za kuigizia, mama. Msaada wenyewe utakuja baada ya mchakato."

"Mchakato huo unachukua muda gani?"

"Miezi mitatu, minne. Kuna kuhakiki, kuna kamati, kuna hafla ya kukabidhi."

"Mvua imeshaambiwa?"

Raymundi alitabasamu lile tabasamu la kumpa mzee kiti. Mtu mmoja alipita akiwa amebeba hundi ya ubao, kubwa kama mlango, sehemu ya tarakimu imeachwa wazi. Bernadeta aliupima ubao kwa macho. Ungeezeka choo, na choo chenyewe kiwe cha mtoto.

Saa tisa taa ya kamera ikawaka nyekundu, nchi nzima ikawa Igumila. Mshereheshaji alikuwa mchekeshaji Adinani, ambaye watu wote humwita Sufuria kwa jinsi kichwa chake kinavyong'aa. Alipanda jukwaani kwa kuruka, akateleza makusudi, akasalimia kwa Kinyamwezi cha asubuhi, "Mwangaluka!" kwa lafudhi iliyokatika miguu. Watu walimpokea kwa heshima, kama wanavyopokea mahubiri.

Ndipo akasema, "Mimi mtoto wa Kisarawe, Mzaramo halisi. Nimeambiwa nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Mkafika. Mkaambiwa pumzikeni. Mkasema, hapana, tupeni mzigo mwingine turudi nao!"

Uwanja ulilipuka. Mabibi walipigana mabega. Bernadeta, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, alijisikia yuko kwao. Mzaramo! Kumbe siku yote walikuwa na mtani wamemwekea kiti cha mgeni.

"Sisi tulibeba!" alipiga kelele kutoka kwenye sehemu ya huzuni. "Nyie mlikuwa mmelala njiani kwa kuchoka ngoma, tunawaruka kama magogo!"

Kicheko kikawa mara mbili. Adinani alifungua mdomo kujibu, na macho yake yaliwaka. Lakini Raymundi, aliyekulia mahali ambapo kabila la mtu hutajwa kwenye fomu tu, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliona uchochezi. Aliona barua za onyo. Akasema kwa kasi kwenye kipaza sauti kidogo kilichounganishwa moja kwa moja na kidude cha sikioni mwa Adinani, na uso wa Adinani ukazimika kama kibatari.

"Ndugu zangu," alisema Adinani, mkono kifuani, "naomba radhi. Kwa niaba ya kipindi na wadhamini, naomba radhi kwa ndugu zetu Wanyamwezi kwa maneno yaliyowakwaza."

 Watu walitazamana.

"Ana homa?" bibi mmoja aliuliza.

"Anamwomba radhi mtani?" alisema mwingine. "Au hatutaki?"

Igumila haijawahi kutukanwa namna ile. Kumwomba mtani radhi ni kumwambia wewe si wangu, ni mtu baki, naogopa utanishtaki. Lugembe alivua kofia kama anayepita penye msiba. Bernadeta alikaa kigodani na kanga yake ya kuchanika, joto likimpanda kutoka miguuni. Ndoo mara nne, sawa. Bati za kuazima, haya. Na hiki kimoja walichoweza kufanya kwa haki, wamekifuta.

Mbio zilikimbiwa. Mwimbaji wa kike alibeba bati moja hatua tatu akakaa chini kulilia kucha yake. Mcheza mpira mstaafu alibeba nne kwa majivuno, upepo ukamgeuza kama mlango uliong'oka komeo, akaanguka nazo mtaroni, na bati zikakunjamana. Abbasi alifuata kila bati kwa macho akitaja jina la Mungu. Mwishowe zote thelathini zilirundikwa ndani ya boma, makofi yakapigwa, hundi ya ubao ikajazwa tarakimu ndefu. Raymundi akampa Bernadeta karatasi ya shukrani na kipaza sauti.

Bernadeta alilitazama rundo. Vijana wa Abbasi walishafungua nyuma ya lori. Juu ya kuta, wingu moja lilikuwa limekaa bila haraka.

Akaiweka karatasi chini ya mguu, akapanda juu ya bati, akakaa. Akavuta kanga. Kisha akalala chali.

"Mama?" alisema Adinani. "Umeumia?"

"Nimefiwa."

"Pole sana. Nani kafa?"

"Utani. Umeuua wewe hapohapo jukwaani, mashahidi nchi nzima. Mzaramo kanitukana vizuri, nimefurahi, nimemrudishia. Halafu kaniomba radhi kama karani wa benki!" Sauti yake ilikuwa ya kaburini hasa, ya kunyoosha, na nyuma mabibi walishaanza kuguna maana waliujua wimbo huo. "Basi tuzike. Hili ndilo kaburi, nami mtani nimeshalala. Sitoki mpaka wafiwa walipe."

Raymundi alikuwa anakata shingo yake kwa kiganja: tangazo, tangazo, nenda kwenye tangazo! Lakini fundi wa kamera, Msukuma mwenye mwili wake, ambaye siku nzima hakusema neno, alimpa mgongo, akasogeza kamera karibu.

Adinani alisimama. Alikuwa kijana wa mjini, utani kwake ulikuwa kazi ya jukwaani na posho. Lakini aliwahi kuzika bibi yake Kisarawe akiwa na miaka saba, akaona watu wasiojulikana wamelala kaburini wakidai soda, akawadhania walevi, na mama yake akamfinya kwamba wale ndio watu muhimu kuliko wote. Alichomoa kidude cha sikioni, kikabaki kinaning'inia na kuongea peke yake.

"Wewe Mnyamwezi," alisema polepole, "hata kaburini unalalia mzigo?"

Boma lilitikisika kwa kicheko.

"Nilipe kwanza ndiyo unitukane!"

"Nakupa kuku."

"Kuku haezeki."

"Kuku wawili na bati moja ya kuwafunikia."

"Marehemu alikuwa mkubwa, wewe Sufuria. Utani wa miaka mia na zaidi unauzika kwa bati moja? Naondoka na rundo lote au nioze nalo hapa."

"Lakini rundo si langu, mama! La yule mzee mwenye kanzu."

Kamera ikageukia kwa Abbasi, ambaye hakuwa amejiandaa kwa umaarufu. "Mimi sina utani na mtu," alisema kwa mshtuko. "Mimi nina duka!"

Hata mbuzi waligeuka kuangalia kicheko hicho. Abbasi mwenyewe akashindwa, akaficha mdomo kwa kibalaghashia. Alipojikusanya akaongeza, kwa uchungu wa kweli, kwamba zilizokunjika mtaroni dukani hazirudi, hilo lijulikane.

"Nalipa mimi," alisema Adinani. "Zote thelathini. Siyo kipindi, siyo wadhamini. Mzaramo ndiye aliyefiwa, Mzaramo analipa."

"Nashukuru, mwanangu," alisema Abbasi, "ila ahadi za televisheni naziona kila siku nikiwa nakula. Simu hiyo hapo. Tuma."

Adinani akatuma. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Abbasi, naye akatafuta miwani mfuko wa kulia, akaitafuta wa kushoto, akaipata kichwani, akausoma ujumbe kwa kutembeza kidole, taifa zima likimsubiri. Akausoma tena. Kisha akaitikia kwa kichwa, na vijana wake wakafunga lori.

Bernadeta alishuka. Alijua kwamba hata mtani anaweza kukataliwa, na angekataliwa mbele ya nchi nzima. Adinani alimpa mkono, naye akaupiga kwa pindo la kanga. "Mpaka unitukane tena," alimwambia. Adinani akamwambia kuwa anafanana na kifurushi kilichosahaulika na msafara. Hapo ndipo Bernadeta alipomkumbatia.

Raymundi hakufurahi. Alisema wamevunja mpangilio, sehemu ya huzuni imekosa machozi. Walipoondoka walisahau hundi ya ubao, wakairudia kutoka Kigwa.

Thelathini ni nusu ya sitini, na hilo lilizua mgogoro wake. Lugembe alitaka iezekwe nusu ya mbele, inayoonekana na wageni barabarani. Bernadeta alimuuliza kama wageni ndio wanaozaa. Ikaezekwa nusu ya nyuma, chumba cha kujifungulia, kwa bati ishirini na sita nzima na nne zilizonyooshwa kwa nyundo, zenye mikunjo kama nguo ya mtu aliyelala nayo. Mvua ilifika katikati ya Novemba. Upande usio na paa ulianza kudondosha tofali za juu wiki ya pili, na mambo ya mchakato yalikuwa bado kwenye kamati.

Sayi alishikwa na uchungu Desemba, alasiri ya Jumanne. Mlango haukuwepo bado, palitundikwa kanga mbili, na wanaume wote walifukuzwa mpaka ng'ambo ya bomba. Hakuna aliyempa pole. Katikati ya shughuli simu ya Bernadeta ikalia, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, dada yake Sayi akaibonyeza na kumwekea sikioni.

"Mama Bernadeta! Raymundi hapa. Tunafanya tathmini. Tunaomba picha za wodi, upande uliokamilika tu, na kama mnaweza kupata mzazi anayetabasamu."

"Tathmini yako ina bati thelathini ndani yake?"

"Bado iko kwenye mchakato, mama, ila..."

"Sukuma!" alisema Bernadeta.

"Nisukume nini?"

"Siyo wewe!"

Mvua ikashuka kwa mkupuo mmoja juu ya paa, mlio wa bati ukajaa chumba mpaka maneno ya simu yakawa mdomo tu unaocheza mbali huko Dar. Dada yake Sayi aliinua nyusi kuuliza aikate au aiache. Bernadeta hakumwona. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka, pasipo tone moja la mvua kukigusa, na yeye alikuwa anatafuta mabega.